Malalamiko Kuhusu Bahari Isiyo na Samaki Sebuleni Kwangu

Bi. Lavonne Hruska,
Kearney, Nebraska.

Kwa Ndugu Delmar Stuhr,
Mwenyekiti, Chama cha Wafuga Matumbawe wa Nyandani.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUOMBA SAMAKI, HATA MMOJA

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo, pamoja na wote mnaokutana kwenye ukumbi wa kanisa kila Jumanne kuzungumzia maji. Mimi mwili ni mzima. Ya moyoni ndiyo haya.

Mume wangu Verlyn unamjua. Tangu astaafu kazi ya reli alikuwa hatoki kitini, kazi yake kutazama magari ya majirani yakipita na kunisimulia. Mimi mwenyewe nilimsihi atafute shughuli, naye akaipata kwenu. Mkamshawishi afuge bahari, hapa Nebraska, ambako mtu akitaka kuiona bahari yenyewe sharti aendeshe gari mpaka asahau alikotoka. Sikupinga. Nilidhani bahari huja na samaki wake. Nimekuta sivyo, na kwa heshima zote nawasilisha malalamiko yafuatayo:

1. Tangi lipo sebuleni tangu kabla ya Sikukuu ya Shukrani, mahali palipokuwa na kinanda cha marehemu mama. Ndani mna maji, chumvi, mchanga na mawe. Samaki hamna. Nikiuliza, najibiwa kwamba maji hayajakomaa. Ndugu Mwenyekiti, nimelea watoto watatu na kila mwaka navundika kabichi kwenye mtungi, kwa hiyo kukomaa nakujua. Lakini maji? Nilidhani yalikomaa siku ile ya uumbaji.

2. Nilinunua kamba wakubwa kwa ajili ya chakula cha kuadhimisha ndoa yetu. Nilipofungua jokofu sikuwaona. Niliwakuta tangini, wamefungwa ndani ya soksi yangu ya nailoni, wanaoza.

"Verlyn, kamba wangu wanaoza," nilimwambia.

"Ndiyo, wanaendelea vizuri," akajibu.

Akanieleza kwa upole kwamba kamba akioza hutoa sumu iitwayo amonia. Sumu hiyo huliwa na bakteria, nao huacha sumu nyingine, ambayo huliwa na bakteria wengine. Siku sumu zote mbili zitakapokwisha, ndipo samaki ataweza kuingia asife. Nimewahi kuziona koo zinazoishi kwa utaratibu huo, wala sikuzionea wivu.

"Na mimi nile nini?" nikauliza.

"Kuna supu ya kopo kabatini, mama."

Hivyo ndivyo tulivyoadhimisha ndoa yetu. Bakteria walikula kamba.

3. Wifi yangu Ardith alikuja na akina mama wa kanisa, kwa sababu nilikwisha kujigamba kwamba kwetu kuna bahari. Siku hiyo mawe yote yalikuwa yamefunikwa na utelezi wa rangi ya hudhurungi, ambao Verlyn anasema ni dalili njema. Viti vilipangwa. Nikapitisha kahawa na kolache, vile vimkate vitamu vyenye plamu. Wakatazama mawe, na mawe yakawatazama. Ardith akafuta midomo na kusema, "Hongereni. Sasa mtaliosha lini?"

Verlyn aliinuka, akatoka nje kwenye theluji bila koti. Aliporudi alilifunika tangi kwa taulo mpaka dada yake alipoondoka. Taulo hilo ni la wageni.

4. Maji yale yana kipasha joto chao na pampu yao, ili yapate upepo mwanana wa nchi za joto. Mimi mwenzao ninakaa sebule hiyohiyo nimevaa sweta mbili, kwa kuwa mwenye nyumba, huyohuyo Verlyn, anaamini joto la nyumba likizidi ni anasa.

5. Hili ndilo zito. Verlyn hatofautishi kijani na manjano. Hata huko reli walimweka ghalani, mbali na taa za ishara, na abiria wote wa jimbo hili wanapaswa kumshukuru Mungu. Kumbe kupima maji ni kazi ya rangi tupu: unatia maji kwenye kichupa, unadondosha dawa, unatikisa, unangoja. Yakiwa manjano, sumu imekwisha na samaki anaweza kuletwa. Yakiwa kijani, bado ipo. Kwa hiyo kila asubuhi naitwa dirishani.

"Kijani cha namna gani?" huniuliza.

"Cha mbaazi."

"Mbaazi za shambani au za kopo?"

"Za kopo, Verlyn."

"Hebu tazama tena. Usiharakishe."

Anakiinua kichupa kwenye mwanga wa theluji, shavu lake karibu na langu, akingoja neno langu kama mtu anayengoja hukumu. Mwanamume huyu hajawahi kuniuliza gauni lipi linanipendeza. Sasa siwezi kumaliza kuosha kikombe bila kutoa ushahidi.

6. Kutokana na hoja hizo, imedhihirika kwamba katika nyumba yangu bakteria wanalishwa vinono, wanapewa joto, na wanaulizwa hali zao kila siku. Naomba basi Chama kinisajili kuwa bakteria. Sifa ninazo. Kwa maisha yangu yote ya ndoa nimekula makombo ya wengine, kazi yangu haionekani kwa macho, na siku nikigoma nyumba nzima itanuka.

7. Kama ombi hilo halimo katika katiba yenu, basi nitumieni samaki kabla ya Jumamosi, maana Ardith anarudi, na safari hii anakuja na mchungaji. Samaki awe mchangamfu na mwenye rangi ambayo hata Verlyn ataiona. Asipofika, nitamimina sabuni ya vyombo tangini, ile yenye harufu ya limau, na kinanda cha mama kitarudi mahali pake. Sitanii.

Nisalimie mkeo na mama yake, nisalimie mtunza hazina wenu na farasi wake wa baharini, na wale matumbawe wako ambao nasikia kila mmoja umempa jina.

Ni mimi, mvumilivu ambaye amekaribia mwisho wa kamba yake,

Lavonne Hruska

Nyongeza: Nilikuwa natafuta stempu Verlyn aliponiita. Nikaenda dirishani na hasira zangu zote. Ndugu Mwenyekiti, maji yalikuwa manjano matupu, bila hata dokezo la kijani. Alikuwa ameshika bega langu. "Niambie," akasema. Nikafikiria asubuhi ya kesho, yeye amekaa huko anaongea na samaki, mimi niko jikoni peke yangu na vikombe. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Bado kidogo, mpenzi." Wala hakusikitika. Akanimiminia kahawa, akasema maji mazuri hayana haraka. Kwa hiyo tafadhali usitume samaki yeyote. Ardith nitamweleza mwenyewe. Na wewe ukipita kwetu karibu sana, kaa kokote utakako, ila kwa kuwa macho yako ni mazima, naomba usisogee dirishani.