Shikamoo ya Bartholomeo

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Vumbi la Geita halina adabu. Nimefagia mara tatu, limerudi mara nne.

Leo wamemsoma Evelina redioni tena! Siku ya nne mfululizo. Eti salamu zimfikie Evelina, Mama Agapiti wa Nyankumbu, mama wa watu, jirani mwema. Jirani wa nani? Jirani yake ni mimi, ukuta wetu mmoja, na kinu changu anacho tangu Pasaka.

Si wivu. Naandika ili ijulikane: si wivu. Nina sababu.

Mdogo wangu Bartholomeo yuko Didia, kijijini kwetu. Redio ameining'iniza shingoni kama kengele ya ng'ombe. Anachunga nayo, anakula nayo. Miaka mitatu iliyopita nilifiwa na mume, mwanangu Donatus akanileta huku mjini. Bartholomeo akanuna. Akasema mjini mtu hupoteza jina, nitaitwa "yule bibi wa nyumba ya pili" mpaka nife. Nikapanda gari. Hakunipa shikamoo! Mimi niliyembeba mgongoni, nikamfuta kamasi kwa kanga yangu! Tangu siku hiyo hapigi simu. Nami sipigi. Mkubwa hapigi. Mkubwa anasubiri shikamoo yake.

Kwa hiyo nataka jina langu lisomwe lote, Suzana binti Mhoja. Alisikie hukohuko machungani aone kama limepotea. Atakuja mwenyewe, kofia mkononi.

Redio ya hapa inafika Didia. Upepo ukiwa mzuri.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango wa kwanza. Asubuhi kuna kipindi cha kupiga simu, na mada ya leo ilikuwa lugha yetu Kiswahili. Nimeishia darasa la nne, lakini lugha naijua, na wanaoiharibu nawajua.

Zipora, mke wa Donatus, akanipigia namba ya redio. Ikaita. Ikapokelewa! Mtangazaji Wilbard akauliza nani mwenzetu. Nikamwambia jina atalipata mwishoni, kwanza anisikilize. Nikamuuliza hii "changamoto" yake ni mdudu gani. Mvua isiponyesha, changamoto. Mke akitoroka, changamoto. Duara, shimo la dhahabu, likititia huko machimboni, changamoto. Sisi tulikuwa na njaa, na ukame, na aibu, kila shida na jina lake kama watoto. Yeye anaziita zote jina moja, zitaitikaje?

Akacheka. Nikamwambia asicheke, sijamaliza. Nikaingia kwenye zile tamthilia za kwenye televisheni, Mkorea anafungua mdomo yanatoka maneno ya stendi ya mabasi. Nikaingia kwenye shikamoo ya siku hizi, mtu anaitoa kama anapiga chafya, hajasimama hata.

Simu ikakatika. Wilbard akawaambia watu huyo alikuwa bibi yetu mmoja, hatukupata jina.

Bibi mmoja! Bartholomeo atakuwa amecheka mpaka ng'ombe wakashtuka.

Zipora anasema ningeanza na jina. Nimemwambia mboga inaungua. Haikuwa inaungua.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekwenda redioni kwa miguu yangu. Yaani kwa bajaji, lakini ngazi nimepanda kwa miguu.

Mezani kuna binti anaitwa Noela, kucha kama kwato. Akasema karibu mother. Nikamuuliza nilimzaa mwaka gani. Akasimama, akatoa shikamoo nzuri ndefu. Wanafundishika hawa, ni wazazi tu wamechoka.

Kadi za salamu zina foleni ya wiki mbili. Akanionyesha bunda limefungwa kwa mpira: zote za Evelina! Ameandika kadi tangu Juni, mama wa watu.

Nikauliza ni saa ngapi watu husikiliza zaidi. Noela hakufikiri. Saa saba mchana, matangazo ya vifo. Akasema saa hiyo hata wasaga mawe wanazima karasha zao, kila mtu anataka kujua nani katutoka. Nikasema basi, niandikie hapohapo. Akasema ile ni ya marehemu, mother. Bibi, samahani. Nikamwambia mimi na marehemu tumebakiza hatua chache, hawatanikatalia nafasi. Nikakaa kwenye kiti chake cha wageni. Nikafungua michembe yangu, viazi vitamu vya kukausha, nikaanza kutafuna. Wageni wengine wakaanza kuja. Nikaendelea kutafuna.

Saa sita akaandika.

Tangazo limekaa vizuri, nimelitunga mwenyewe kwa mpango uleule wa matangazo ya vifo, maana watu wanaupenda: "Suzana binti Mhoja, mzaliwa wa Didia, mkazi wa Nyankumbu, Geita. Habari ziwafikie Bartholomeo Mhoja wa Didia, Anatoli wa Runzewe, Febronia wa Buseresere, ndugu, jamaa na marafiki popote walipo. Suzana yupo. Ni mzima. Jina lake halijapotea." Kesho linasomwa.

Naona raha. Nimekula ugali wa watu wawili.

Alhamisi, 7 Agosti

Saa saba kamili. Nimekaa uani napepeta mtama, redio dirishani. Ukapigwa ule wimbo wao wa huzuni. Wilbard akashusha sauti chini kama anaingia kanisani. Jina langu likatoka. Zima! Suzana binti Mhoja! Nikaweka ungo chini nisikie vizuri.

Sikusikia zaidi. Upande wa pili wa ukuta Evelina alipiga uwii ya kuangusha mabati.

Likatoka jina la Bartholomeo, nyumba ya mbele wakaanza. Likatoka la Anatoli, nyumba ya nyuma wakaitikia. Ile sehemu ya kwamba nipo, kwamba ni mzima, naamini Wilbard aliisoma. Nani alikuwa na masikio? Ukishasikia wimbo ule na jina la mtu, redio imekwisha kazi yake, unajifunga kanga kiunoni.

Evelina akaingia getini amejifunga kibwebwe, mzigo wa kuni kichwani, na kinu changu begani. Analia. Mayu wane, mama yangu, umetuacha! Mkono wazi wewe! Nani atatusema tukikosea, Suzana, nani?

Nikamwambia aweke kinu pale.

Kuni zilimwangukia mguuni. Alipopata pumzi akanitukana kwa Kisumbwa, chote alichonacho. Nikamwambia hayo tutayafikia, kwanza arudie pale kwenye mkono wazi, sikusikia vizuri. Amekataa. Lakini amelisema, na mashahidi wapo.

Wanajumuiya wakafika na unga, maharage, sukari, turubai. Wakanikuta nimesimama. Mwenyekiti wetu Adam akaona vitu virudi. Nikamwambia kilichoingia msibani hakitoki, tangu lini unga ukarudi nyuma? Tukapika. Watu wamekula, wamecheka, wameniimbia wimbo niliokuwa nimeuchagua kwa mazishi yangu. Wameuimba vibaya. Ni vizuri nimejua mapema.

Donatus amerudi mbio kutoka kazini, mweupe kwa vumbi la mawe. Ameniangalia. Amekaa chini. Hajasema neno mpaka sasa. Nimemwekea nyama.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

AMEKUJA.

Saa nne asubuhi gari dogo la mizigo likasimama getini. Nyuma wamejaa watu wa Didia, nimehesabu wanane. Katikati yao godoro limetandikwa shuka jeupe. La kunibeba mimi! Bartholomeo alikuja kuuchukua mwili, nilale nyumbani pembeni ya mume wangu, si kwenye vumbi la watu.

Njia nzima redio ilikuwa imezimwa kwa heshima, na namba ya simu ya Donatus wanayo ile ya zamani. Hawakujua lolote.

Nikatoka mimi mwenyewe kufungua geti.

Amezeeka. Macho yamevimba. Ile redio iko shingoni. Aliponiona alivua kofia, akainama mpaka redio ikagusa chini. Sauti kama ya kifaranga kwenye mvua.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba!" Nilijibu haraka, asije akairudisha.

Walioona: Zipora, Evelina aliyekuwa juu ya ndoo akichungulia ukutani, dereva, na watu wanane wa Didia. Nimewaandika hapa wasije wakasahau.

Ndipo akanigusa mkono. Ukawa wa moto. Akalia upya, kisha akakasirika, kisha akauliza kuna nini cha kula.

Jumamosi, 9 Agosti

Kumbe kaburi walishalichimba. Kwetu shimo la mtu haliachwi wazi, litaita mwingine. Wakapiga simu Didia leo, wazee wakazika mgomba humo, wakaomba, wakafukia.

Sawa. Lakini walifukia palepale pembeni ya Baba Donatus! Sasa mume wangu analala na mgomba. Nimesema uhamishwe. Bartholomeo anasema mgomba haujawahi kumgombeza mtu, marehemu atapumzika. Wote wakacheka, Donatus naye. Siku mbili mdomo umefungwa, anaufungua kwa hilo!

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya misa tumekaa uani, mimi na yeye, michembe katikati. Nikamwambia kwa upole kwamba nimefurahi amejirekebisha, shikamoo imepokelewa.

Akaacha kutafuna. Akasema ile haihesabiki. Aliitoa kwa marehemu.

Nikamwambia marahaba imeshajibiwa. Akasema imejibiwa na mtu mwingine. Shikamoo ilikwenda kwa mfu, mzima akaidaka njiani, huo ni wizi. Eti tukamuulize padri! Tukabishana mpaka jua likahama. Sijafurahi hivyo tangu niondoke Didia.

Baadaye akachezea kidude cha redio yake. Akasema kila siku saa saba, miaka mitatu, husimamisha ng'ombe njiani. Anaweka redio sikioni. Anasikiliza majina yote mpaka la mwisho. Langu lisipotajwa, ndipo anawapeleka kunywa maji.

Nikamwambia ale, michembe inapoa. Michembe ilikuwa ya baridi toka asubuhi.

Jumatatu, 11 Agosti

Wameondoka. Godoro wameniachia, ni zuri. Bartholomeo alisimama getini, kofia mkononi, akafungua mdomo. Nikajiweka tayari. Dereva akapiga honi. Akasema, "Haya, dada," akapanda.

Haya! Tangu lini haya ikawa salamu?

Mchana Noela amepiga simu. Shikamoo yake nzuri, kisha akasema kwa huruma kwamba mkuu wake amebandika karatasi dirishani: saa saba ni ya waliokufa kabisa. Evelina naye, nasikia, ameandika kadi mpya ya salamu, jina langu halimo. Kinu lakini kimebaki kwangu.

Nimetulia, nimefikiri. Bartholomeo alipoteza siku nne kwa sababu yangu na bado hajanyooka. Ina maana kosa si mpango. Kosa ni tangazo. Nimewatangazia mtu, nao kwa mtu wamekuja wanane.

Saa kumi jioni kuna matangazo ya mifugo iliyopotea. Keshokutwa nakwenda na michembe yangu. Ng'ombe jike, mwekundu, baka jeupe usoni, mali ya Suzana binti Mhoja, mzaliwa wa Didia.

Sina ng'ombe. Hilo halimhusu Noela. Ng'ombe akipotea Didia nzima hutoka na marungu, pamoja na wagonjwa.

Wote watapita getini kwangu. Mmoja mmoja. Shikamoo kwanza.