Kumtembeza Mkwe Kilosa, Bure Kabisa

Alhamisi, 4 Julai 1968

Magreti alipita hapa mizani saa nne asubuhi, nikiwa katikati ya kupima gunia la pamba. Habari nzito. Baba yake, Mzee Cornel, anashuka kesho kutoka Vidunda. Anakuja kunitazama kabla ya kujibu posa yangu. Atalala Magomeni kwa mpwa wake na kuondoka Jumatatu. Magreti mwenyewe ana zamu hospitalini mpaka Jumapili adhuhuri, kwa hiyo mgeni ni wangu. Akasema nisihangaike. Sihangaiki. Nimetafuna nusu ya penseli ya ofisi.

Tatizo ni moja. Mshahara wa Juni umekwenda kwenye viatu. Vyeusi, vya ngozi, vinabana kidogo. Karani wa mizani mwenye viatu kama hivi hawezi kunyimwa binti wa mtu. Ila kumnunulia baba wa binti soda, hapo hawezi.

Chumbani kwangu hapafai. Kiti kimoja, tena cha miguu mitatu na tofali.

Wazo! Nimekaa na karatasi na kuandika mambo yote mazuri ya mjini Kilosa yasiyolipiwa. Kutazama treni. Mpira wa Jumamosi. Misa. Sherehe za Saba Saba, ambazo mwaka huu zinaangukia Jumapili, kana kwamba chama kilijua shida zangu. Uzuri wa Kilosa ni kwamba mambo yake mazuri ni ya bure. Ubaya ni kwamba yamekwisha hapo.

Wa kuogopwa ni Rafaeli wa duka la ushirika. Ana baiskeli yenye kengele mbili, na mara tatu nimemwona akimpakia Magreti kwenda hospitalini. Anamtaka. Nina macho.

Ijumaa, 5 Julai. Naandikia Kidete.

Sikukusudia kuja Kidete.

Treni ya Kidatu ilifika saa saba. Mzee Cornel ni mrefu, mkavu, koti la kaki, mfuko wa maharage begani na jogoo kwapani. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akauliza kama mimi ndiye. Nikasema ndiye. Akavitazama viatu vyangu kwa muda.

Nikamwambia tunaanza matembezi papo hapo: tutatazama treni. Akasema ametoka ndani ya treni sasa hivi. Nikamweleza kwamba ile ilikuwa ya tawi, sasa inakuja ya njia kuu, inayokwenda bara. Hizi ni treni mbili tofauti kabisa. Akakubali. Mtu mpole.

Ikaja. Nikaona anatazama bila kushangaa, nikaona nimwonyeshe kwamba mimi ni mwenyeji wa mambo haya. Nikapanda behewa la daraja la pili, nikatoa kichwa dirishani, nikaanza kumweleza habari za viti. Nilikuwa nimefika kwenye mito ya kuegemea nilipoona Mzee anarudi nyuma. Hakuwa anarudi nyuma. Stesheni yote ilikuwa inarudi nyuma.

Mzee alinipungia ule mkono usio na jogoo.

Mkagua tiketi alifika kabla sijapanga maneno. Nikamwambia mimi si msafiri, nilikuwa naonyesha viti tu. Akasema ana miaka kumi na mbili kwenye reli na abiria wa namna hiyo hajawahi kupewa fomu yake. Akanishusha Kidete.

Nimepokewa na mnyapara wa reli, Lupakisyo, mtu wa Tukuyu mwenye mikono kama koleo. Akasema kesho watu wake watateremka Kilosa kwa kiberenge, kile kigari kidogo cha mafundi wa reli, nami nitapata nafasi. Bure? Bure, akasema. Ila kwanza nitawasaidia kidogo kwenye mfereji.

Jumamosi, 6 Julai

"Kidogo" ya Lupakisyo si kidogo ya Kilosa. Mto Mkondoa uliacha mchanga na matope wakati wa masika, na tangu alfajiri mpaka saa nne nilikuwa ndani ya mfereji nikiyatoa. Nilivua viatu, hilo angalau, ila vilikuwa vimeshalowa. Vilipokauka vikazidi kubana.

Nimeingia Kilosa saa nane kwenye kiberenge, nimekumbatia makoleo sita. Na nani nawaona barabara ya stesheni? Rafaeli anakokota baiskeli. Mzee Cornel pembeni yake, anacheka. Mkononi, sambusa!

Nikaenda moja kwa moja. Nikamwambia Mzee kwamba safari ya jana ilikuwa ya kikazi, ya ghafla. Rafaeli akaniuliza kama makoleo yale nimeyapima mizani. Nikamdharau. Nikamchukua Mzee kwenda mpirani.

Mlangoni pa uwanja vijana wa TANU walikuwa wamekaa na meza. Meza kwangu ni mchango. Kwa bahati najua upenyo ulioko nyuma, kwenye ua wa mkonge. Nikamwambia Mzee huu ndio mlango wa wageni. Akauliza mbona una miiba. Nikasema ni kwa ajili ya usalama. Koti lake likashikwa mara mbili, mimi suruali mara moja, mahali pasipoelezeka.

Tukatokea upande wa pili na kupigiwa makofi. Nikadhani wanatupongeza. Mpira ulikuwa umeahirishwa. Pale uwanjani walikuwa wamepanga foleni ya kubeba matofali ya darasa jipya, kazi ya kujitolea ya kukaribisha Saba Saba, na ile meza ilikuwa ya kuandika majina tu. Sisi tuliingia bila kuandikwa, tukakabidhiwa matofali moja kwa moja.

Mzee akavua koti. Alibeba mpaka jua likainama, anaimba na akina mama, anawafundisha vijana kupanga tofali begani. Niliona wakimpa maji kabla ya wengine wote. Mimi nilibeba kumi na moja nikakaa chini kwa sababu ya viatu. Rafaeli naye akaja, akawa anapakia matofali kwenye kerieri ya baiskeli. Mtu wa kujionyesha!

Jioni nikamwambia Mzee kwamba nilimleta makusudi, nilitaka aone tunavyojenga taifa.

"Kwa kutupitisha kwenye mkonge?" akauliza.

Nikasema taifa linajengwa kwa njia nyingi. Akachomoa mwiba kwenye koti lake.

Jumapili, 7 Julai. Saba Saba

Misa ilikwenda vizuri. Nilisinzia mara moja tu.

Halafu mpango mkubwa. Bomani, chini ya turubai, palikuwa na jukwaa la wageni waalikwa, na nyuma ya jukwaa masufuria matatu ya pilau. Aliyeshika daftari la wageni ni Mama Joha, mkali, kwake hapiti hata nzi. Nikamnong'oneza kwamba huyu ni mjumbe wa wazee wa Vidunda na mimi ni katibu wake. Akatuangalia. Koti la Mzee lilikuwa na heshima hata likiwa limechanika. Akatuandika. Mzee nikamwambia tu kwamba tumewekewa viti.

Viti vyenye mito! Gwaride likapita mbele yetu, ikaja ngoma, ikaja kwaya. Rafaeli nikamwona chini juani na baiskeli yake. Nikampungia mkono. Huenda hiyo ndiyo dakika bora ya maisha yangu hadi leo, na nashukuru kwamba niliitambua ikiwa bado inaendelea.

Ndipo mshereheshaji akasoma kwenye daftari, akamwita mjumbe wa Vidunda atoe salamu za wazee.

Nilimshika Mzee mkono. Akautoa polepole, kama mtu anayetoa kiganja cha mtoto, akasimama.

"Ndugu zangu," akasema, "mimi sikutumwa na mzee yeyote. Nimeshuka kumwona huyu kijana, anamtaka binti yangu. Juzi alipanda treni akaniacha na jogoo. Jana alinipitisha miibani. Leo nimekuwa mjumbe. Kesho naondoka mapema, maana sijui angenifanya nani."

Watu walicheka mpaka mpiga ngoma akaangusha fimbo. Mkuu wa shughuli mwenyewe alijifunika uso kwa karatasi ya hotuba. Mzee akangoja watulie, akasema kwamba matofali ya jana yalimfurahisha sana, hakujua mjini kuna watu wema hivi, na kwamba Vidunda nao wana darasa linalodondoka, wakaribishwe. Wakampigia makofi wamesimama.

Na katikati ya waliosimama nikamwona Magreti, bado na sare nyeupe ya hospitali. Hakuwa anacheka.

Pilau tulipewa. Sikuweza kumeza zaidi ya sahani moja na nusu.

Jumatatu, 8 Julai

Stesheni, saa mbili asubuhi. Mimi, Mzee, Magreti. Rafaeli naye alikuwapo, amebeba mfuko wa Mzee. Nikamwuliza Magreti kwa sauti ya chini mtu huyu anatafuta nini kwenye mambo ya familia.

"Rafaeli ni mtoto wa shangazi yangu," Magreti akasema. "Baba amelala kwake siku zote hizi. Nimekwambia habari zake mara mbili, Urbanus. Mara zote mbili ulikuwa unanieleza habari za viatu."

Kumbe Ijumaa ndiye aliyemtoa Mzee stesheni na kumwambia kwamba nimeitwa kazini. Alinitetea. Nilijisikia vibaya kwa dakika nzima. Hata hivyo kengele ya pili kwenye baiskeli haina kazi.

Mzee akaniita kando. Nilitegemea matusi. Hakutukana.

"Mwanangu," akasema, "siku tatu umenizungusha kama mgonjwa anayetafutiwa dawa. Kwako sijakuona. Kwa nini?"

Nikasema ukweli, kwa sababu nilikuwa nimechoka. Nikasema hakuna kitu. Kiti ni kimoja.

"Wewe ungekaa kwenye kiti, mimi ningekaa mlangoni. Nilileta maharage, nilileta jogoo. Tungechambua, tungechinja, tungezungumza. Sijui hata unapenda nini. Hujaniuliza hata shamba langu likoje."

Ni kweli sikumwuliza. Nikamwuliza pale pale. Akasema panya wamekula mahindi. Treni ikapiga honi.

Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Akasema neno ni la Magreti na mama yake. Dirishani akanipa mkono, akaushikilia kidogo zaidi ya desturi, akaniambia nivue viatu vile kabla havijanitia kilema.

Magreti alirudi nami mpaka mizani. Mlangoni akasema, "Baba hakuja kuona vitu, Urbanus." Kisha akaenda zamu. Kitu kikanibana kifuani. Nikalegeza kamba za viatu. Kikabaki palepale.

Nimefikiri mchana kutwa, na nadhani nimemwelewa Mzee. Kukaa mlangoni pangu nako ni bure. Nimeongeza kwenye karatasi.

Jumamosi, 13 Julai

Bado nina nafasi!

Magreti alikuja saa nne. Mama yake, Mama Elizabeti, amesikia habari zangu zote, amecheka siku mbili, kisha akasema mtu wa namna hii lazima amwone kwa macho yake. Anashuka mwisho wa mwezi. Ametuma neno moja tu: akae kwangu, ale ninachokula, tuzungumze. Magreti akanirudia hilo mara tatu, akanishika mkono kabisa. Nikaahidi mara tatu. Nilikuwa nasema kweli, zote tatu. Jioni Rafaeli akaniletea kiti cha kuazima, bila hata kuombwa.

Lakini leo hii hii, mchana, alipita mizani dereva wa lori la pamba aitwaye Yeremia. Anasema ukisimama barabarani pale Mikumi unaona tembo wazi, kundi zima, wala hakuna anayekudai chochote. Ametoa nafasi mbili juu ya marobota, kwenda na kurudi, bure. Sharti lake ni dogo. Lori halipandi mlima likiwa na mzigo, kwa hiyo kila abiria hushuka na kusukuma.

Mama Elizabeti amelima milimani maisha yake yote. Nimekubali kwa niaba yake.