Kijiti Chekundu cha Reli ya Ukumbini

Jumatatu, 18 Agosti

Mimi Awadhi, miaka kumi na tisa, ndiye mhandisi mkubwa wa reli kuliko wote waliowahi kuzaliwa Kariakoo. Sisemi mimi, kinasema kioo. Wale waliojenga reli ya Dodoma walikuwa na matingatinga na wataalamu wa kofia ngumu. Mimi nina bisibisi moja, gundi, na kidato cha pili ambacho tuliachana kwa amani. Na nimemaliza kwa wiki tatu!

Reli yangu inaanzia uani, kwenye jiko la shangazi Badria mwenye nyumba, inapita ukumbi mzima kando ya ukuta mbele ya milango ya wapangaji, inatokea barazani. Hatua kumi na sita. Treni mbili za betri, ndogo kama viatu vya mtoto. Stesheni mbili: Uani na Barazani. Majina nimeyabuni mwenyewe, bila msaada.

Kulikuwa na tatizo dogo. Boksi la reli nilinunua dukani kwa baba yake Brightness, nikakataa kulifungua, maana mtu mwenye jicho kama langu haangalii ndani ya boksi. Kufika nyumbani, vipande vyote ni vya kona! Ukiviunga unapata duara. Treni inazunguka kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Brightness, anayekaa kaunta na kujiona kwa sababu amesomea umeme, akaniuliza abiria wangu nitawatoa Kariakoo niwapeleke Kariakoo au vipi. Nikacheka kwa dharau. Nikatoka. Nikakimbia Gerezani kwa mafundi madirisha kuomba mabaki ya alumini. Sasa njia imenyooka kama rula. Haya, cheka tena!

Jioni shangazi akajikwaa Stesheni ya Uani akiwa na sufuria la maharage. Sitaandika aliyoyasema. Hukumu ndiyo hii: Jumamosi alasiri, wazee wake wa kahawa wakishakaa barazani, treni iwapelekee kashata na irudishe vikombe, mwanzo mpaka mwisho. Ikifaulu, reli inabaki. Ikimwaga kitu, reli yote inaingia kwenye kiroba na kwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Nikamwambia shangazi, mbona mtihani wenyewe mwepesi hivyo.

Jumanne, 19 Agosti

Mzee Melkiori amenipata na makosa manne. Nimekubali moja.

Huyu ni mpangaji wa chumba cha tatu. Mtu wa Kibosho, mstaafu, miaka thelathini na moja alikuwa mkuu wa stesheni huko njiani, kwenye reli ya zamani. Binti yake Euphrasia anapiga simu kila siku kutoka Moshi: baba rudi nyumbani, macho yamechoka, unaanza kusahau, utagongwa na bodaboda. Zamani mzee alikuwa anamsikiliza kimya. Siku hizi anamjibu haondoki, kuna njia inamhitaji aikague.

Njia yenyewe ni yangu! Kila asubuhi baada ya chai anavaa kofia yake ya kazi, anainama na tochi, anagonga alumini kwa kijiko, anasikiliza. Shangazi anasema tangu reli ianze, mzee amerudi kunyoa ndevu.

Leo kaja na kijiti. Kidogo, urefu wa kidole cha kati, chekundu, kina herufi M iliyochomwa kwa msumari wa moto. Amekichonga mwenyewe kwenye mguu wa kigoda kilichovunjika. Akaniketisha chini kama mtoto wa chekechea. Njia moja, kijiti kimoja. Treni yenye kijiti ndiyo inaruhusiwa kuondoka. Kijiti kinasafiri ndani ya behewa, kikifika upande wa pili, dereva wa huko anakitwaa, naye sasa anaweza kuondoka. Asiye nacho anasubiri. Hata awe nani. Hata kama njia anaiona nyeupe mpaka mwisho.

Nikamuuliza je, kama dereva ana haraka?

Akasema, mwanangu, wote waliolala chini walikuwa na haraka.

Maneno ya wazee. Nimemwitikia kwa heshima, nikaenda kupaka rangi mlima.

Mlima wangu ni kitu kingine! Nilihitaji handaki, nikaona kawa la shangazi la kufunikia chakula limekaa bure juu ya kabati. Umbo la mlima kabisa. Nimelikata milango miwili, nimelipaka kijani, nimelimwagia vumbi la mbao. Liko katikati ya ukumbi na hata mamake halijui. Namaanisha shangazi. Kutwa nzima ameulizia kawa lake la harusi.

Jumatano, 20 Agosti

Mazoezi. Brightness alikuja kucheka, akabaki. Akatengeneza swichi ya treni ya pili bila kuombwa, na mzee akampa cheo papo hapo: mkuu wa Stesheni ya Barazani. Mimi nimepewa Uani, karibu na moshi wa jiko. Upendeleo mtupu.

Mzee mwenyewe anakaa kwenye kigoda katikati ya ukumbi, pembeni ya mlima. Dereva anamwonyesha kijiti, yeye anainua mkono, treni inaondoka. Kutoka pale alipo anaona upande mmoja tu kwa wakati, shingo yake haigeuki vizuri. Ndiyo maana anaamini kijiti kuliko anavyojiamini yeye.

Treni yangu ikaenda salama. Kijiti kikafika kwa Brightness. Basi! Akakaa nacho. Nikamwona kabisa kule mwisho anatafuna karanga moja moja, anaziangalia kwanza, anazimenya, anapuliza maganda. Nikapunga mkono. Akanipungia. Nikamwita mama weee tuma treni. Akasema stesheni yake iko kwenye mapumziko.

Nilisubiri mpaka ndevu tatu zikaota. Jumla sasa ni saba.

Nikamlalamikia mzee. Akasema kusubiri nako ni kazi, yeye amelipwa miaka thelathini na moja kwa kusubiri. Wakacheka wote wawili. Mpangaji wa chumba cha kwanza naye akacheka, na yeye hata hakuwepo.

Ijumaa, 22 Agosti

Akili nyingine zikae pembeni, zangu zimeamka!

Nilikuwa natembea baada ya swala ya Ijumaa, naangalia maduka. Jezi, kopi. Manukato, kopi. Simu, kopi, na ina laini mbili kuzidi ile ya kweli. Nikasimama pale pale, mkokoteni ukanipitia kidogo kwenye kisigino. Mji mzima unaishi kwa kopi, halafu mimi nizeeke nasubiri kijiti?

Nikarudi kwa mzee. Nikamwambia naomba nikilaze kwangu kijiti leo, nikipake mafuta, kesho king'ae mbele ya wageni. Akanipa kwa mikono miwili. Akasema kumbe unaanza kuielewa kazi.

Nikaenda Gerezani kwa fundi seremala. Amechonga huku nimemsimamia. Herufi M tumechoma kwa msumari. Rangi ile ile. Halafu, na hapa ndipo mtu anajua kipaji, nimekisugua kwenye sakafu kionekane kimezeeka. Nilivyoviweka pamoja nilibabaika mwenyewe. Ilibidi cha kwangu nikipige jino kidogo kitakoni ili nikitambue.

Mpango: kesho Brightness akijidai na karanga zake, mimi natoa kijiti changu na treni inaondoka. Kashata za pili zitafika zikiwa moto. Wazee watapiga makofi. Brightness atabaki mdomo wazi, labda na karanga ndani.

Jumamosi, 23 Agosti

Nianze na habari njema: reli imebaki!

Sasa zile nyingine.

Baada ya alasiri wazee sita walikuwa barazani, kiongozi wao Mzee Abdulmajid, ambaye akikosa wa kumtania humtania paka. Akauliza kama treni hii inabeba na mizigo ya ndoa. Mzee Melkiori alikuwa amepiga pasi shati. Kofia kichwani. Shangazi akapanga kashata kwenye mabehewa. Kijiti cha kweli kikawekwa juu yake. Mkono ukainuka. Ikaondoka, ikaingia mlimani, ikatoka, ikafika barazani, na wazee wakapiga takbira kama mwali katolewa ndani! Mzee Abdulmajid akatangaza kwamba kashata iliyosafiri ina utamu wa peke yake.

Kilichobaki, vikombe virudi. Lakini wazee wa kahawa hawanywi, wanabusu. Kikombe kidogo kama kizibo, robo saa. Treni ilikuwa bado kwa Brightness ikingoja vikombe sita vitimie, kijiti anacho yeye, na mimi Uani nimekaa na ile treni ya pili. Shangazi huku anaipua kashata za pili, ananiambia Awadhi zinapoa, Awadhi treni yako iko wapi, Awadhi ningezipeleka kwa miguu ningekuwa nimesharudi.

Nikatoa kijiti changu. Nikakiinua juu.

Mzee Melkiori akakiangalia. Akaangalia mlima. Akavua miwani, akaifuta, akavaa. Akasema taratibu, kumbe ile imesharudi? Sikuiona ikipita. Nikakiinua zaidi. Basi akainua mkono. Kijiti kipo, dereva kapewa njia. Ndivyo alivyofundishwa.

Sekunde hiyo hiyo, Brightness naye, akidhani mkono ni wake, akaachia yake.

Zikaingia mlimani kwa pamoja, kila moja kwa mlango wake. Halafu kah! Mlima ukaruka. Vikombe viwili vikapasuka, kashata zikatambaa mpaka chumba cha pili. Mlima ukabiringika ukumbini, ukatulia chali miguuni kwa shangazi, tumbo wazi, ukindu mwekundu na zambarau wa harusi yake ukimtazama usoni.

Mimi nilikuwa wa kwanza kufika kwenye ajali. Naokoa majeruhi, ndivyo walivyodhani. Kijiti changu kikatoka behewani kikaingia mfukoni kabla vumbi la mbao halijatua.

Mzee Abdulmajid alicheka mpaka kofia ikaanguka. Akauliza nauli inarudishwa wapi. Shangazi hakucheka. Shangazi alikwenda kuleta kiroba.

Brightness anapiga kelele, nilikuwa nacho mimi, mzee kijiti nilikuwa nacho! Mzee Melkiori akainama kwenye mabehewa. Akakuta kijiti kimoja, ndani ya treni ya Brightness. Akatafuta kingine kwenye yangu. Hakuna. Akanitazama. Mimi nikatazama dari.

Akasimama wima, akavua kofia mbele ya watu wote. Akasema mama Badria, weka kiroba chini, kijana hana kosa. Nimeona kijiti ambacho hakikuwepo. Nimetoa ruhusa kwa macho mabovu. Miaka thelathini na moja sijagonganisha treni, nimekuja kugonganisha hapa kwako. Nisamehe mimi.

Shangazi angefanyaje? Mzee kama yule anakuomba radhi na kofia mkononi. Akakunja kiroba. Akasema yamepita, baba, reli ikae tu.

Reli imebaki! Ushindi!

Halafu magharibi nikapita dirishani kwake nikamsikia kwenye simu. Euphrasia, mama, ulikuwa na haki. Njoo unichukue Jumatatu.

Jumapili, 24 Agosti

Leo njia haikukaguliwa. Kofia iko kwenye msumari, mlango umerudishiwa. Brightness kaja, kakaa Barazani peke yake na kijiti kimoja, hana hata karanga.

Mimi sikuweza kula. Chapati nne tu.

Nikagonga. Shikamoo mzee. Marahaba. Begi lilikuwa wazi kitandani, shati la jana limekunjwa juu. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu yenye sababu saba, nne kati yake zinamhusu Brightness. Yote ikapotea. Nikaweka kijiti changu mezani.

Akakitazama. Akatoka nacho barazani kwa Brightness, akaomba kile cha kweli, akavibeba vyote viwili hadi kwenye mwanga. Akavigeuza. Akavinusa. Akaniuliza chake ni kipi. Nikamwonyesha alama ya jino.

Nikaandaa shavu. Halikuja kofi. Akakaa chini kama mtu aliyetuliwa mzigo, akasema polepole, kumbe macho yangu mazima. Mara tatu. Halafu akacheka, akakohoa, akacheka tena, mpaka Brightness akauliza kuna nini huko.

Akampigia binti yake asikate tiketi, kuna dereva hapa wa kuadhibiwa na shughuli itachukua muda. Akavaa kofia. Nimesimamishwa kazi mpaka mwisho wa mwezi! Brightness anaendesha treni zote mbili. Mimi naosha vikombe, na natoa rangi ya kijani kwenye kawa, ukindu mmoja baada ya mwingine, kwa mswaki. Shangazi hajaambiwa kuhusu kopi. Mzee amesema mambo ya reli yanamalizwa relini. Mchana huo huo shangazi mwenyewe ameagiza kashata kumi ziende barazani kwa treni. Zimefika.

Kwa hiyo kwa ujumla wiki imekwenda vizuri, na kazi yangu imesifiwa na mtaalamu: hakuweza kutofautisha.

Kilichoharibika kweli ni kimoja, nakiandika kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Mzee mzima alifunga begi akiamini kichwa chake kimekwisha. Mimi nilijua, nikala wali, nikalala fofofo. Hilo ni langu, si la Brightness. Ndiyo maana nimemkabidhi kijiti changu.

Nimemkabidhi kimoja. Fundi alichonga viwili.