Ombi la Binti Yangu Kufundishwa Nusu Sentensi

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

Shikamoo, na poleni kwa kazi ya kuhangaika na watoto wa watu. Mimi ni fundi cherehani wa kona ya soko, baba wa yule binti wa darasa la nne anayekaa dawati la mbele. Kwa heshima zote, namshtaki mwalimu wake wa Kiswahili.

1. Mwalimu huyu huwapa watoto maneno mapya wayatungie sentensi. Sawa. Lakini ati sentensi kamili lazima iseme nani, kafanya nini, na lini! Jamani, huku ni kufundisha au kupeleleza?

2. Binti hufanyia kazi hiyo kibandani kwangu, kisha husoma kwa sauti kama alivyoagizwa. Juzi neno lilikuwa "ahadi". Akasoma: "Baba alimpa bibi harusi ahadi ya gauni Ijumaa iliyopita, lakini kitambaa hajakigusa." Bibi harusi mwenyewe alikuwa mlangoni, na mama yake, na shangazi zake wawili. Nusura nimeze pini niliyoibana mdomoni.

3. Likaja "kisingizio". "Kisingizio cha baba kila siku ni umeme, ingawa cherehani yake ni ya kukanyaga." Mwalimu akamtia vema, tena kubwa!

4. Sasa wateja nao wameambukizwa. Nikisema "kesho", wananiuliza nani, nini, saa ngapi. Tangu enzi za babu yangu, sisi mafundi tunaishi kwa "inakaribia" na "bado vifungo tu". Mkitukamilishia sentensi, mmetuua.

Kwa hiyo naomba ahamishiwe darasa wanakoandika nusunusu. La sivyo namwachisha shule kuanzia Jumatatu, aje kushona vifungo.

Nisalimie walimu wote, mlinzi wa getini, na hata huyo mshtakiwa. Mwambie suruali yake inakaribia.

Wako mtiifu,
Fundi wa kona ya soko

Tanbihi: Barua hii kaiandika binti yangu, maana mimi kalamu sikufundishwa. Nilimtamkia, naye hakuruka neno, hata pale pa kumwachisha shule. Hayo madoa hapo juu ni machozi yake, uniwie radhi. Ombi langu lifute. Mwache dawati lake lilelile. Na kama kuna nafasi nyuma ya darasa, mimi, fundi, nitakuja kujifunza kuandika Jumatatu saa mbili asubuhi. Suruali nitakuja nayo.