Ujumbe Usiokuwa na Mwimbaji

Inatangazwa kwa wananchi wote, walio nyumbani na walio ughaibuni, kwamba wimbo hauna thamani. Jambo hili si la kubishana tena. Limefanyiwa utafiti wa kina na Idara ya Tathmini ya Vitu Visivyoshikika, na matokeo yake yakasainiwa na mkurugenzi msaidizi wa idara hiyo, Bwana Elinami, mtu makini anayevaa tai hata akienda kunyoa.

Njia aliyoitumia ilikuwa ya kisayansi. Alitafuta kontena tupu, akawaingiza ndani waimbaji wa taarab, wakaimba nyimbo tatu huku wakilalamikia joto. Walipotoka, kontena likapimwa. Uzito uleule! Basi mambo yakawa hadharani: kisichoongeza uzito wa kontena hakisafirishwi, kisichosafirishwa hakiuziki, na kisichouzika ni starehe tu. Wataalamu wakapiga makofi. Waimbaji wakaomba soda, wakaambiwa soda haimo kwenye bajeti.

Ndiyo maana, mwaka tisini na nane, wizara ilipotuma ujumbe Guangzhou kumshawishi tajiri mmoja wa Kichina afufue kiwanda chetu cha nguo kilichokufa, kikundi cha taarab kiliondolewa safarini. Nafasi zao zikajazwa na watu wenye uzito: Mratibu wa Itifaki, Msaidizi wa Mratibu, Mwangalizi wa Mizigo ya Msaidizi, na wengineo ambao kazi zao zilikuwa nyeti mno kuelezwa. Mheshimiwa Naibu Waziri akawa kiongozi wa msafara.

Elinami roho yake ilikuwa juu. Tajiri akitia saini, neno "msaidizi" lingeondolewa kwenye cheo chake. Asipotia, alishaambiwa wazi, angehamishiwa kituo cha mizani huko porini, akapime malori mpaka astaafu.

Walifikia hoteli karibu na stesheni ya treni, pale Liuhua ambapo viatu vya jumla vimemwagwa mpaka barabarani. Mkalimani wao alikuwa Swalha, mama wa Unguja aliyekuwa akinunua vitambaa soko la Zhongda na kuvipeleka Dar. Kichina alikuwa amekisomea kwenye kugombea bei.

"Bwana Mkurugenzi," alimuuliza Elinami asubuhi ile, "mwimbaji wenu yu wapi?"

"Hatuna. Tuna wataalamu."

"Ala! Mnakwenda kwa Laoban Liang bila ya mwimbaji?" Laoban ndiyo tajiri, ndiyo bosi, sokoni kila mwenye duka huitwa hivyo. "Yule hatii saini na mtu asiyeimba naye. Mie mwenyewe mwaka wa kwanza niliimba mpaka koo likakauka, ndipo akanikatia bei ya majora."

"Dada yangu, hizo ni mila. Sisi tumekuja na takwimu."

"Haya. Yangu macho."

Chakula cha mchana kiliandaliwa kwenye chumba cha faragha cha mgahawa mkubwa. Meza ilikuwa ya kuzunguka, na ukutani palikuwa na televisheni pana yenye mashine ya karaoke. Laoban Liang, mzee mnene mcheshi, suruali kaipandisha mpaka juu ya kitambi, aliisikiliza hotuba yote ya Mheshimiwa huku akichokoa meno. Ilipokwisha, akatwaa kipaza sauti, akafumba macho, akaimba wimbo wa kwao. Mashine ikatoa alama kwa tarakimu nyekundu: 91. Kisha kipaza sauti akamkabidhi Mheshimiwa.

"Anataka nini huyu?" Mheshimiwa akauliza.

"Anasema zamu yenu," Swalha akajibu. "Anasema mtu anaweza kudanganya kwa maneno na kwa makaratasi, lakini akiimba anajulikana. Bila ya wimbo, saini mei you."

Neno hilo halikuhitaji mkalimani. Mheshimiwa alikuwa amejibiwa hivyohivyo, hakuna, kila duka alilouliza saizi yake.

Kikaitishwa kikao cha dharura pembeni, karibu na ndoo ya miavuli. Kamati Ndogo ya Wimbo ikaundwa na kupata mwenyekiti. Mratibu wa Itifaki akapendekeza wimbo wa taifa. Ikabainika kwamba kuuimba mbele ya watu wanaokula bata ni utovu wa heshima, na kumsimamisha Laoban katikati ya bata kunahitaji kibali cha maandishi. Mwangalizi wa Mizigo alijua wimbo mmoja tu, wa kumsifu waziri ambaye sasa yuko gerezani. Ikaamuliwa kwamba haujui.

Elinami akamsogelea Swalha. "Bi Swalha, nakuomba sana. Tuimbie wewe."

"Mie? Nikuuzieni kitu kisicho na thamani? Huo si utapeli, baba? Na isitoshe, mzee hanitaki mie. Anawataka nyinyi."

Mheshimiwa akasema uongozi ni kuonyesha njia. Akaimba. Aliimba nini, mimi sijui, na waliokuwepo nao hawajui mpaka leo. Sauti ilipanda, ikakwama huko juu, ikateremka kwa mlango mwingine. Ujumbe mzima ukasimama na kushangilia kwa kufuata vyeo. Mashine, maskini, haikujua vyeo. Ikaandika 11.

"Mbovu hiyo," akasema Mratibu.

"Iundiwe tume," akasema Msaidizi wake.

Laoban Liang akatazama saa, akaanza kuurudisha mkataba mkobani.

Elinami akayaona malori yanakuja, foleni nzima, na yeye kasimama kwenye vumbi. Akakipokonya kipaza sauti. Kulikuwa na jambo ambalo hakupenda lijulikane ofisini: kabla hajawa mtaalamu alikuwa besi kwenye kwaya ya usharika, kwao Usangi. Akaanza wimbo walioimba shangazi zake wakipalilia kahawa, wa binti aliyeolewa ng'ambo ya mlima, anauona moshi wa kwao kila jioni na hawezi kufika. Hakuwa ameuimba tangu apewe ofisi. Ubeti wa pili machozi yakamtoka, na wala hakuyafuta. Alifurahi, jamani! Alifurahi mpaka akasahau kwamba ameajiriwa.

Wahudumu walisimama na sahani mikononi. Laoban Liang alikuwa amefumba macho. Mashine ikaandika 84, na mzee akautoa tena mkataba, akampa Elinami kalamu.

Mheshimiwa akakohoa. "Mkalimani, mfahamishe kwamba kwa mujibu wa itifaki, alama za mtumishi ni mali ya mkuu wake."

Swalha akatafsiri bila kupunguza. Laoban akaitika kwa heshima, akasema jambo fupi.

"Anasema hapana tabu. Basi mkuu arudie."

Mheshimiwa ghafla akawa na hamu ya kunywa chai. Swalha na Laoban wakaongea kidogo, kisha Swalha akageuka. "Au muimbe wote pamoja. Anasema kiwanda hakiendeshwi na mtu mmoja. Mkifika themanini anasaini. Mkishuka, kila mtu na njia yake."

Elinami akawapanga. Mratibu, kumbe, ana sauti ya tatu nzuri kabisa. Wengine waliweza kiitikio. Lakini Mheshimiwa je? Sauti ile ingewazamisha wote, na hakuna waraka unaomruhusu mtumishi kumnyamazisha Naibu Waziri. Swalha, ambaye hakuajiriwa na mtu, akajitosa.

"Mheshimiwa, wewe kaa mbele, katikati, ndiyo nafasi ya kiongozi. Wenzio wakifungua mdomo, fungua. Wakifunga, funga. Sauti usitoe hata chembe."

Watu wakainamia viatu vyao.

Wakaimba. Mheshimiwa alifungua na kufunga mdomo kwa wakati wake, kifua mbele, mkono moyoni, bila kukosea hata mahali pamoja na bila kutoa sauti yoyote. 86! Laoban Liang akatia saini huku akipenga kamasi, kisha akamwonyesha Mheshimiwa kwa kidole, akauliza swali kwa mshangao mkubwa.

"Anauliza huyu kajifunzia wapi," Swalha akasema. "Anasema kazi ile ni ngumu, na hamkufanya mazoezi."

"Mwambie Bungeni," Elinami akajibu. "Yuko kipindi cha tatu."