Mbu wa Pipa Langu

Jumatatu, 10 Aprili 1978. Makwasinyi.
Kazi ya kukamata mbu ngumu! Unakaa msituni, mlimani Kasigau, suruali umeikunja hadi magotini. Mbu akitua, unamvuta kwa mrija. Daktari Mable wa Nairobi, anayetafuta virusi kwenye mbu, amesema atakayeleta wengi zaidi atakuwa msimamizi wetu. Mimi leo sita. Mwenzangu Kimeu na miguu yake mirefu, arobaini! Roho imeniuma.

Lakini akili ninazo. Nimetoa mfuniko wa pipa letu la maji ya mvua. Mke wangu Tryphena akauliza kwa nini. Nikamwambia maji yanahitaji hewa.

Alhamisi, 20 Aprili.
Themanini na wawili! Wote wa pipani, nimewanasa nikiwa kibarazani kwangu. Kwenye kikaratasi cha chupa nikaandika: Msituni, juu. Kimeu akasema mbona huko hajaniona. Nikamjibu mimi huingia ndani zaidi. Chupa imekwenda Nairobi kwenye barafu.

Ijumaa, 5 Mei.
Balaa. Daktari katuita sote. Mbu wa chupa yangu walisagwa, vitoto vya panya vikadungwa maji yao. Vimekufa vyote! Kumbe mna virusi ambavyo havijapata hata jina. Kinachomnyima usingizi, anasema, ni kama vinaweza kuhamia kwa wanyama, halafu kwa watu. Kisha akanitangaza msimamizi. Watu wakapiga makofi. Mbu wenyewe wanalala kwangu!

Nimerudi mbio kufunika pipa. Tryphena akauliza, na ile hewa je? Nikaongeza jiwe juu ya mfuniko.

Jumatatu, 8 Mei.
Mbuzi wetu ameharibu mimba. Daktari na watu wake wako mlimani, wanatafuta mbu ambao hawako huko. Nikisema ukweli, kazi imekwenda. Nimeamua kungoja kidogo.

Jumanne, 9 Mei.
Tryphena ana homa. Anatetemeka chini ya mablanketi mawili, anaongea na marehemu mama yake. Naogopa. Maishani sijaogopa hivi. Nimekimbia kambini bila viatu, nimesema yote mbele ya Kimeu: pipa, mfuniko, kikaratasi. Daktari hakunigombeza, na hilo likanitia hofu zaidi. Alibeba sindano zake akatangulia kwangu, akatoa damu ya Tryphena na ya mbuzi.

Jumamosi, 3 Juni.
Majibu! Damu ya mbuzi ina dalili za virusi vile. Ya Tryphena haina. Yake ilikuwa malaria. Nimelia hadharani. Daktari hakufurahi sana. Alisema kwa sauti ya chini kwamba vikishafika kwa mbuzi, hajui vitasimama wapi. Msimamizi sasa ni Kimeu. Nimemwapia Mungu sitacheza na wadudu tena.

Jumapili, 4 Juni.
Baada ya ibada Elsie wa dukani kaniambia kuna kundi lingine linakuja wiki ijayo, la kutafuta virusi kwenye kupe. Nao wanataka msimamizi! Nimeazima ng'ombe wa shemeji, amejaa kupe hadi masikioni. Nimemfunga nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la chumba cha kulala. Tryphena bado hana nguvu, hataweza kuuliza mengi.