Chafya Mbili za Karani wa Madai

Sogeeni, enyi mliokaa tangu asubuhi mpaka viti vikachukua umbo la makalio yenu! Tegeni masikio, na anayeweza asimame, niwasimulie vita vya Karani wa Madai, binti wa kibodi, mtikisa mafaili, aliyepambana na chafya yake mwenyewe mbele ya hadhara na asirudi nyuma.

Msidhani vita vilianza siku hiyo. Sisi tusiosahau tunakumbuka: kwanza walifuta mapumziko ya chai, wakasema chai inywewe mezani, kisha printa ikasogezwa karibu na meza, mtu asipoteze muda kuifuata, mwisho Mkuu wa Idara, Simba wa Kiyoyozi, akaweka sheria isiyoandikwa popote ila ikatiiwa kuliko katiba: anayeonekana amesimama hana kazi. Basi watu wakakaa. Wakakaa wamejikunja kama ndoano, tumbo limebanwa, pumzi inaishia kifuani. Na chini kabisa, gizani, ile misuli ya sakafu ya nyonga inayoshikilia kibofu ikachoka kama askari waliosahauliwa ngomeni.

Karani akaanza kuvuja. Akikohoa, tone. Akicheka, tone. Akaacha kucheka, akavaa sketi nyeusi tu, maji akawa anayaonja kama dawa. Dada yake mkubwa akamgundua.

"Mdogo wangu, utajificha mpaka lini? Haya, vaa viatu."

Akamburuta mpaka kliniki, kwa mama wa mazoezi ya viungo, mwenye mikono ya chuma, naye akahutubu:

"Acha kuzuia pumzi, binti! Ukivuta hewa, tumbo liachie livimbe. Ukiitoa, inua misuli ya chini kama unayezuia mkojo, halafu ilegeze. Na chafya ikija usijikunje. Nyooka, inua, ndipo upige. Tena usikae kutwa nzima, simama!"

"Nisimame? Kazini?"

"Kwani umeajiriwa na kiti?"

Wiki baada ya wiki akajizoeza huku akijibu simu za wateja, na hakuna aliyejua kwamba chini ya meza ile jeshi lilikuwa kwenye gwaride.

Ikafika siku ya kikao cha idara, na sare mpya: sketi ya kijivu hafifu, msaliti wa kila tone. Kiyoyozi kikatema vumbi. Chafya ikapanda puani kwa kishindo cha farasi elfu. Karani akajua kwamba akiipokea amejikunja vile, idara nzima itasoma aibu yake kwenye kitambaa.

Akasimama!

"Unaenda wapi?" Mkuu akanguruma.

"Siendi popote, mkuu," akajibu shujaa, pua ikimtetemeka. "Napumua."

"Huna kazi?"

"Kazi ninayo, mkuu. Pumzi ndiyo sina."

Akavuta hewa mpaka tumboni, akainua ngome ya chini, akapiga! Karatasi zikaruka. Akapiga ya pili! Kisha akatulia, akausikiliza mwili wake kama jemadari anayengoja habari za mpakani.

Mkavu. Mkavu kama chaki!

"Jamani Karani," Mhasibu akasema, "hiyo chafya ina leseni?"

Ukumbi ukaangua kicheko, naye Karani akacheka mdomo wazi, mpaka machozi, na machozi hayo ndiyo maji pekee yaliyomtoka. Mhasibu akainuka taratibu, kashika kiuno.

"Na mimi nasimama kidogo, mkuu. Mgongo... basi, si mgongo peke yake."

Viti vikalia kimoja kimoja, safu nzima ikawa wima. Mkuu akafoka, kufoka kukageuka kikohozi, na ghafla akabana magoti.

"Kikao kimeahirishwa," akasema kwa sauti nyembamba, akatoka nje kwa hatua fupifupi, faili la mikakati limekinga suruali yake mbele.

Wenye majenerali wao na wawasifu. Sisi tunaandika hili, wajukuu wasome: mwanamke alisimama saa za kazi, akapiga chafya mbili, akaketi alipotaka mwenyewe.